Dozi ya mwisho isikwame mpakani

Nimebakiza dozi moja. Nilianza na sita, moja kila baada ya siku 21, na kwenye kalenda iliyotundikwa dukani kwangu hapa Rohero kuna tarehe tano nilizozikata kwa wino mwekundu na moja ambayo sijaigusa. Wateja wanaoniona na kilemba kutwa nzima wameanza kunipa hongera. "Mama, umemaliza," wananiambia. Nawashukuru, lakini moyoni najua sijamaliza. Aliyewahi kupitisha mzigo Kobero ananielewa: mzigo haujafika kwa sababu tu umeiona bendera ya upande wa pili.

Kwa wasionijua, mimi ni muuza vitenge. Kwa miaka mingi njia yangu imekuwa Bujumbura, Kobero, Kabanga hadi Dar es Salaam na kurudi, na mara mojamoja Kampala. Mwaka jana nilipata uvimbe kwenye titi. Nilifanyiwa upasuaji, kisha daktari akaniandikia kemotherapia, ambayo sisi wagonjwa tunaiita kemo tu. Siandiki haya ili nihurumiwe. Nayaandika kwa sababu kwenye viti vile vya dripu nimekutana na wenzetu wengi wa sokoni na wa mipakani, na nimeona jinsi tiba inavyokatika mahali ambapo biashara yetu haikatiki.

Hoja yangu ni moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweza kutengeneza njia ya mzigo mdogo kuvuka mpaka bila mwenye mzigo kuzungushwa. Sasa itengeneze njia ya mgonjwa.

Nianze na jambo ambalo wengi hawalijui: wapo watu wanaoacha kemo wakiwa karibu na mwisho. Mtu angedhani wataacha mwanzoni, wakati kichefuchefu kinawashika na nywele zinabaki kwenye mto. Lakini mwanzoni kuna hofu, na hofu inamrudisha mtu hospitali. Mwishoni hofu imepungua na mfuko umetoboka.

Jirani yangu wa kiti alikuwa mama anayeuza ndagala. Yeye alianzishiwa kemo kabla ya upasuaji, ili uvimbe upungue kwanza. Baada ya dozi ya tatu alinishika mkono akauweka pale palipokuwa na uvimbe, nikagusa nisikute kitu. Akaniuliza, "Dada, dawa ya nini tena wakati ugonjwa umekwisha?" Dozi ya nne alikuja. Ya tano hakuja. Mtaji wake wa ndagala ulikuwa umeshaliwa na dozi nne za kwanza, na watoto walikuwa wanarudi shule.

Swali lake lilikuwa la haki, na linastahili jibu la wazi. Uvimbe mdogo kama punje ya mahindi una chembe za saratani mamilioni kwa mamilioni. Kila dozi huua sehemu ya chembe hizo, hasa zile zinazojigawa wakati dawa imo mwilini. Zinazosalia husubiri. Mwili nao unahitaji wiki chache za kutengeneza damu mpya, ndiyo maana dozi hupangwa kwa mizunguko badala ya kutolewa zote kwa pamoja. Uvimbe unapopotea mkononi maana yake umekuwa mdogo kuliko vidole vinavyoweza kuhisi. Haina maana kwamba umekwisha. Dozi za mwisho ni za kuwinda kile ambacho hakionekani.

Sisi wafanyabiashara tunapenda hesabu, basi niiweke kwa hesabu. Mwaka 1981 watafiti wawili wa Milan, Italia, Gianni Bonadonna na Pinuccia Valagussa, walichapisha matokeo ya wanawake waliotibiwa kwa kemo baada ya upasuaji wa saratani ya titi. Waliopata angalau asilimia 85 ya dawa waliyopangiwa walikaa miaka bila ugonjwa kurudi kwa wingi zaidi kuliko wale waliopata chini ya asilimia 65. Dawa za siku zile si zote zinazotumika leo, na kila saratani ina mpango wake. Lakini somo lake madaktari hawajaliacha. Chukua kikokotoo: tano gawanya kwa sita ni asilimia 83. Anayeacha dozi ya mwisho ameshashuka chini ya mstari ule. Anayeacha mbili amebaki na asilimia 67.

Naomba nieleweke. Daktari akikupima damu akaona chembe nyeupe zimeshuka, akaisogeza dozi wiki moja au akaipunguza, huyo anafanya kazi yake. Ninayemsema ni mgonjwa anayejisogezea mwenyewe kwa sababu basi halikuondoka, dola haikupatikana, au chupa ya dawa imekwama njiani. Na kwa kuwa nimeligusa la damu, mwenye mgonjwa nyumbani alishike hili: homa ikifika nyuzi 38 kwa mtu aliye kwenye kemo, ni hospitali saa hiyohiyo. Usimpe panadoli ukasubiri kukuche. Najua mafuta ya gari Bujumbura yamekuwa ya kusaka. Mtafute jirani mwenye lita mbili kabla ya siku hiyo kufika.

Sasa nije mpakani.

Dawa nyingi za kemo tunazowekewa huku zimetoka nje. Famasi ikikosa, kinachofuata sote tunakijua: unampigia simu mwenzako aliye Kampala au Dar, unamwambia, "Niletee vichupa viwili kwenye begi lako." Nami nimewahi kuletewa hivyo, na kabla sijaugua niliwahi kuwaletea wengine. Leo nakiri kwamba nilikuwa sijui nilichobeba. Ziko dawa za kemo, kama vinkristini na doksorubisini ya maji, zinazotakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Nilikuwa naziweka kati ya madoti ya vitenge, kwenye basi lililopigwa jua siku mbili. Aliyezipokea alilipa pesa kamili. Alichowekewa kwenye mshipa sikijui mpaka leo.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwetu sisi wenyewe. Ukiagizwa dawa ya saratani, uliza mambo matatu: inunuliwe famasi ipi yenye leseni, inahitaji baridi au la, na daktari ameandika jina na kipimo gani. Kama inahitaji baridi na huna kisanduku cha barafu, kataa. Kukataa ni wema. Na usinunue kwa mtu anayekupunguzia bei nyuma ya stendi. Sisi ndio tunaojua kuliko mtu yeyote jinsi bidhaa bandia zinavyosafiri.

Lakini mbona mgonjwa anafika hatua ya kutegemea begi la muuza vitenge? Hapo ndipo ninapouliza kuhusu Jumuiya.

Tusisahau kwamba kemo si kitu kigeni kilichotufikia juzi. Sehemu ya historia yake imeandikwa hapa kwetu. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji wa Mulago, Denis Burkitt, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto, na ugonjwa ule ukaja kuitwa kwa jina lake. Mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ikaanzishwa palepale Mulago. Hapo John Ziegler na wenzake walionyesha kwamba dawa zikiunganishwa na kutolewa kwa mpangilio, watoto wengi wa namna hiyo wanaweza kupona bila kisu. Mwaka 1972 Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker huko Marekani kwa kazi hiyo ya kemo. Wamarekani walipoondoka wakati wa utawala wa Idi Amin, daktari Mganda, Charles Olweny, aliishika taasisi ile ikaendelea kutibu. Dunia ilikuja Afrika Mashariki kujifunza kwamba dawa peke yake inaweza kuponya saratani. Iweje leo mgonjwa wa Afrika Mashariki ashindwe kuvuka mto mmoja kuifuata?

Na tiba ipo. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, inayojitegemea tangu 1996. Kaskazini mwa Rwanda kuna kituo cha saratani cha Butaro, kilichofunguliwa mwaka 2012, na Kigali ilianza kutoa mionzi mwaka 2019. Nairobi ina mashine zake. Kampala ipo. Jumuiya yenyewe iligawana kazi kwa busara: Uganda ishike saratani, Kenya figo, Tanzania moyo, Rwanda uhandisi wa vifaa tiba, Burundi lishe. Mwaka 2014 Benki ya Maendeleo ya Afrika ikakubali kufadhili awamu ya kwanza. Wazo lilikuwa zuri, kwamba hakuna nchi yetu hata moja inayoweza kununua kila mashine na kusomesha kila bingwa peke yake.

Ila ukigawana majiko, sharti ufungue milango ya vyumba. Hilo ndilo lililosahaulika. Kwa miaka mingi Burundi imekuwa haina mashine ya mionzi, na wagonjwa wanaoihitaji wametazama nje. Nami nimo. Baada ya dozi yangu ya sita daktari ameniandikia mionzi, na mionzi haitakiwi kusubiri mpaka nitakapochanga upya. Ndiyo maana sipokei hongera. Tarehe ile isiyokatwa kwenye kalenda inanifikisha mwisho wa kemo, halafu inanikabidhi mpakani.

Tuangalie mpakani kuna nini. Mfanyabiashara mwenye bidhaa za nchi wanachama zisizozidi thamani ya dola 2,000 ana cheti chake rahisi cha uasilia, kinagongwa mhuri palepale, anapita bila kulipa ushuru wa forodha. Cheti kile kimeokoa wanawake wengi waliokuwa wakivusha nyanya kwa kujificha. Gari linaloingia nchi jirani lina Kadi ya Njano ya COMESA: likigonga mtu mbali na nyumbani, bima inatambuliwa. Lori lina bima inayovuka mpaka, dereva wake akiugua hana. Kadi yangu ya bima ya afya hapa Bujumbura, nikishavuka Kobero, ni karatasi ya kupepea.

Sheria haikumsahau mgonjwa. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na kanuni zake za watu kusafiri kwa uhuru zinataja matibabu kwa jina kuwa moja ya sababu za kuingia nchi mwanachama, na kibali kinaweza kufika miezi sita. Kozi nzima ya mionzi haimalizi miezi miwili. Kwenye karatasi, basi, mlango uko wazi. Kwenye kaunta ni mambo mengine. Nilishapita mpaka mmoja nikiwa na barua ya daktari na vidonge vyangu vya kuzuia kichefuchefu. Afisa alivimwaga vidonge mezani, akavihesabu kama bidhaa, akaniuliza risiti ya ushuru. Nilikuwa na siku nane tangu niwekewe dozi, kinga yangu iko chini kabisa, nikasimamishwa saa tatu kwenye foleni ya watu wanaokohoa. Mzigo wangu wa vitenge, uliokuwa na cheti, ulipita kabla yangu.

Kisha kuna siku ambazo mlango hufungwa kabisa. Mwaka 2020, wakati wa korona, malori yalipimwa madereva yakapita, watu wa kawaida wakazuiwa. Januari 2024 mpaka wa Burundi na Rwanda ulifungwa. Sababu za serikali si mada yangu leo, na gazetini si mahali pa kuzipima. Ninachosema ni kwamba mgonjwa aliyekuwa katikati ya dozi zake upande wa pili hakuulizwa amebakiza ngapi. Barabara ya saa chache ikawa mzunguko wa kupitia Tanzania, kwa mtu ambaye hata kukaa kwenye kiti cha basi ni kazi.

Napendekeza mambo manne, na yote yanafanana na yale ambayo Jumuiya imeshayafanya kwa bidhaa.

Kwanza, hati moja ya mgonjwa. Ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, wenye jina la ugonjwa, dawa anazobeba, idadi ya dozi zilizobaki na tarehe zake, uliogongwa mhuri na wizara ya afya ya nchi yake. Afisa wa kituo cha pamoja cha mpakani akiuona, ajue huyu hapangi foleni na vidonge vyake si bidhaa. Kama tuliweza kwa nyanya, tutaweza kwa hili.

Pili, bima zizungumze. Sisemi kesho asubuhi kila kadi ilipe kila kitu. Waanze na saratani na figo, magonjwa ambayo Jumuiya yenyewe iliamua yawe na vituo vya pamoja. Bima ya nchi ya mgonjwa ilipe hospitali ya jirani kwa bei iliyokubaliwa, kwa fedha ya nchi yake, benki kuu zimalizane zenyewe. Leo mgonjwa wa Burundi anatafuta dola kwa bei ya mtaani ili alipie kitanda. Kila franka inayopotea kwenye kubadilisha ni dawa iliyopotea.

Tatu, mpaka ukifungwa, mlango wa mgonjwa ubaki. Mataifa yanayopigana vita kabisa huwa na makubaliano kuhusu majeruhi. Nchi ndugu zilizosaini mkataba mmoja haziwezi kushindwa kukubaliana kuhusu mama mwenye dozi mbili zilizobaki.

Nne, na hili halisubiri Arusha: vyama vyetu. Tuna upatu, tuna vikundi vya kuweka na kukopa, tuna mifuko ya misiba inayochanga kwa saa mbili mtu akifa. Tuwe na mfuko wa dozi ya mwisho. Mwanachama akifika nusu ya kemo, kikundi kikae, kihesabu zilizobaki ni ngapi na kinagharimu kiasi gani, kitenge pesa ile isiguswe. Yule mama wa ndagala alikosa pesa ya dozi mbili. Watu tulionunua samaki kwake miaka yote tungeweza kuzilipa kabla ya chai. Hatukuulizana. Nami nilikuwa kwenye kiti cha jirani, nikidhani amebadilishiwa siku.

Najua nitakachojibiwa. Mtu wa Kampala au wa Dar atasema: wagonjwa wetu wenyewe wanalala wawili kitanda kimoja, mnatuletea wengine? Ana haki ya kusema. Lakini wagonjwa tayari wanakuja. Wanakuja wamechelewa, bila faili, bila pesa, wakiwa wamekatiza dozi, na mgonjwa wa namna hiyo ni ghali zaidi kumtibu na ni rahisi zaidi kumpoteza. Anayekuja na hati, bima na tarehe anaiingizia hospitali mapato. Na hakuna anayejua zamu yake. Mwaka 2016 mashine ya mionzi ya Mulago iliharibika, na mpya ikazinduliwa mwanzoni mwa 2018. Katika muda huo Waganda waliokuwa wakipokea majirani wakawa wao wanatafuta matibabu Nairobi. Mpaka uliopitika siku ile ulikuwa na faida kwa mwenye mashine na asiye na mashine.

Mwingine, wa hapa nyumbani, atasema tujenge yetu. Naam, tujenge. Lakini chumba cha mionzi kinajengwa kwa miaka, na kinataka wataalamu waliosomeshwa kwa miaka mingine. Saratani haihesabu miaka. Anayejenga nyumba hulala mahali wakati nyumba inajengwa.

Wazee husema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sisi wagonjwa tumeshayavulia nguo, na nywele pia. Tunachoomba ni tusizuiwe kufika ng'ambo.

Jumatano nitakwenda kupima damu. Chembe zikiwa sawa, Alhamisi nitakaa kwenye kiti changu kwa mara ya sita. Kiti cha jirani sasa kina msichana wa Buyenzi aliyeanza juzi. Aliniuliza kama nywele huota tena, nikamwambia huota, baada ya miezi. Yule mama wa ndagala nimemtafuta, nikampata kwao Kinama. Amekubali kurudi kwa daktari. Tumeshachanga watu kumi na mmoja wa mtaa wetu wa maduka, na bado tunahitaji tisa. Asomaye haya na ana duka katikati ya jiji, apite kwangu kabla ya Ijumaa.